Evert Yuko Ng'ambo ya Uzio

Alhamisi, 19 Machi 2020
Wamefunga mpaka kwa sababu ya korona. Uzio umepita katikati ya uwanja: huku Tornio, Finland, kule Haparanda, Sweden. Mimi huku. Evert wangu kule! Juzi tu nilivuka kwa miguu kumpelekea supu ya samaki. Na ndoa yetu ni Mei.

Jumapili, 22 Machi
Tumeonana uzioni, kila mtu hatua mbili nyuma. Kwetu ni amri: huvuki, basi. Kwao serikali imeomba tu — naweni mikono, msikaribiane, wazee tulieni nyumbani. Nikamuuliza, umetulia? Akacheka. "Helvi, sisi tunaaminiwa. Nyie mnafungiwa kama kuku."
Nikamwambia kuku aliyefungiwa haliwi na mbweha.
Kavaa skafu mpya ya sufu. Nani kafuma?

Jumatatu, 23 Machi
Maj-Lis. Jirani yake, mjane. Nilijua!

Jumapili, 5 Aprili
Kaja naye! Kamsindikiza tu, ati. Ananiita "dada" — dada wa nani? Wanafuata ushauri, anasema: kahawa wanakunywa nje, kila mtu na kiti chake. Viti viko mbali kiasi gani? Evert akatanua mikono yote miwili. Maj-Lis akatazama chini.
Nimerudi nyumbani nikafua mapazia yote. Yalikuwa safi.

Jumapili, 12 Aprili. Pasaka
Sikwenda. Nimeomba, Mungu nisamehe, nao wawekewe amri. Wafungiwe. Kila mtu kwake, na funguo achukue polisi. Serikali inayoomba tu haimjui Maj-Lis!

Jumapili, 19 Aprili
Nimesimama uzioni saa nzima. Hakuja. Simu hapokei. Wako wapi hao?

Jumanne, 21 Aprili
Maj-Lis kapiga simu. Evert kachukuliwa na ambulensi Jumamosi. Yuko kwenye mashine ya kupumulia.
"Na wewe?" nikamuuliza, maana alikuwa anakohoa.
"Homa. Tangu jana."
Hata ugonjwa wake Evert kampa yeye. Ndiyo, nimeliwaza hilo. Kabla ya kulia, nimeliwaza hilo.

Jioni
Kapiga tena. Hospitali wanataka jina la mtu wake wa karibu, wa kupigiwa lolote likitokea. Wamemuuliza yeye kwa sababu yuko huko. Sauti imemkauka.
"Dada, nitaje la nani? Langu au lako?"
Simu nimeiweka mezani, hajakata. Namsikia anakohoa, anasubiri, anakohoa. Mimi naandika.