Kola kwenye kaseti

Jumatatu, 6 Juni 1994
Mwalimu Apondi amekubali. Nikitoka saa sita kuja nyumbani kumnyonyesha mwanangu Mutunga, mwenzangu Nthoki atabaki na redio yangu ya kaseti na kurekodi somo la mchana. Wenzetu wa ushonaji wamecheka. Eti mimi Ndanu nasoma cherehani kama taarifa ya habari. Wacheke. Mtihani wa serikali wa gredi ya ushonaji ni Jumatatu ijayo, na mwaka jana niliangushwa na kola. Nikianguka tena, nafasi yangu darasani atapewa mwingine.

Jumanne, 7 Juni
Nthoki ameleta redio na kaseti. Nikaiweka, mtoto mgongoni. Kelele za mashine, halafu sauti ya mwalimu: "Kata hapa. Sasa pinda hivi. Mnaona? Usipite hii."
Hapa wapi? Hivi vipi?
Nikakata nilivyodhani. Pembe zote mbili za kola zimetoboka. Na kitambaa chenyewe kilikuwa shuka la Mutunga. Nimechoka.

Jumatano, 8 Juni
Nimempa mwalimu asikize mwenyewe. Niliogopa ataona namkosoa. Alisikiza chaki mkononi, akarudisha nyuma, akasikiza tena. "Yawa, jamani, huyu mama anafundisha nini?" akajishangaa mwenyewe.
Nthoki akasema, mwalimu, wewe huongea na mikono, na mikono haijaingia kwenye kaseti. Darasa zima likacheka, na mwalimu pia.
Mimi sikucheka. Nikamwambia pole pole: mtoto siwezi kumwacha na njaa, mwalimu, na mtihani pia siuachi.
Jioni alibeba redio yangu akaenda nayo kwake mtaani Makadara.

Jumamosi, 11 Juni
Redio imerudi, kaseti ndani. "Ndanu, nimekalia mikono yangu. Haya, tuanze."
Kila kitu anakitaja — ukingo, mshono, upana wa kidole kidogo. Baada ya kila hatua ananyamaza nishone. Nasikia kuku wa jirani zake. Kisha: "Umefika? Usinidanganye." Najikuta namjibu, ndiyo mwalimu.
Nimeshona. Nimepunguza pembe bila kugusa uzi. Imebaki kugeuza kola, upande wa ndani utoke nje, na hapo ndipo huharibu.
"Funga mkasi. Ingiza ncha kwenye pembe, sukuma taratibu. Mimi nakungoja."
Pembe ya kwanza imetoka, kali, kama ya dukani. Mutunga akaamka akilia. Nikazima redio.
Sasa ananyonya, naandika kwa mkono mmoja. Kola iko gotini, pembe ya pili bado iko ndani. Kila nikiigusa mtoto anavuta mkono wangu.
Nyonya, baba, ushibe. Mwalimu atatungoja.