Karte Niliyoipima kwa Mukono

Ndugu yangu Deo,

Ni mimi, Shabani. Usiamuke kunisalimia, kaa ulivyo. Niko kwako Kasongo, barazani nyuma, kwenye ile meza yenye muguu mufupi, na daftari ninaloandikia ni la kwako, lile la kusahihishia kazi za wanafunzi. Muke wako ndiye aliyenipa. Amekaa mbele yangu anamenya karanga, na amesema sitatoka hapa mpaka nimalize.

Ninyi Wakatoliki muko na padri wa kuungamia. Mimi Mwislamu wa Ijumaa, tena si kila Ijumaa, nitaungama kwa nani? Basi nimekuja kwako. Nilikudanganya, Deo. Ulikufa ukiamini uongo wangu, na uongo wenyewe ulifanya mabaya ndani ya nyumba yako zaidi ya nilivyojua.

Nitaanza na mwanzo, juu shemeji hataki nikate njia.

Unakumbuka ordinateri yako ilivyokuwa. Kompyuta ya kijivu, nzito, ofisi fulani imeitupa, wewe ukaiokota, ukaifufua, ukaiwekea pano mbili za sola juu ya bati na batri ya lori. Muchana jua likiwa kali tulicheza mupira ndani yake. Lakini wachezaji hawakuwa na sura, wote vichwa vya mayai, na uwanja ulikuwa kama kitambaa cha meza, kijani kitupu. Mimi nilitosheka, juu nilikuwa nakufunga. Sawa, leo nasema kweli: wewe ndiye ulikuwa unanifunga. Ukasema, "Shabani, mimi nataka nione majani." Mwalimu wa biolojia muzima, majani yamekuzunguka toka hapa mpaka Nyangwe, unataka kuyaona ndani ya kioo! Nilicheka. Ukanieleza kwa utaratibu wako, kama niko darasani, kwamba mashini iko na akili lakini macho yake ni mabovu, kwamba kazi ya kuchora picha ni ya karte grafike, na kwamba yako ni ile ndogo iliyozaliwa nayo. Ukaniomba nikipita Kalemie kuuza dhahabu yangu, nikutafutie nyingine.

Nikakwambia usiwe na wasiwasi. Mutu aliyefika Kigoma na Bujumbura atashindwa na karte?

Nilishindwa.

Kalemie, mwenye duka aliweka tatu juu ya meza. Akaniuliza alimantasiyo ya mashini, ile sanduku inayogawa umeme ndani, iko ya nguvu gani. Mutu mwingine angesema hajui. Mimi nilikunja uso kama mutaalamu, nikachukua karte moja moja nikazipima kwa mukono. Ndiyo, Deo. Kama dhahabu. Miaka hii yote kule Lusangi hakuna aliyeniuzia shaba nikaiita dhahabu. Kiganja changu kinajua mbele asidi haijajua. Nikachagua ile nzito kuliko zote.

Wakati wa kurudi, kwenye bariyeri moja iliyofunga njia, askari akaniomba karte, yaani kitambulisho. Nikamutolea hiyo. Akaigeuzageuza, akauliza picha yangu iko wapi. Nikamwambia hii ni karte ya kutoa picha, picha yenyewe itatokea Kasongo. Walicheka mpaka wakanipitisha. Hiyo nilikusimulia. Inayofuata sikukusimulia.

Tulikwama Kabambare tukingoja matope yakauke. Niliitoa nipate kuiangalia. Karatasi iliyobandikwa juu yake ilikuwa imeinuka kwenye kona. Nikaivuta kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine, ya zamani, jina lingine, nambari ndogo kuliko ile ya juu. Moyo uliniambia wazi, juu ujanja huo naujua katika kazi yangu: mutu ameipaka shaba rangi. Nikalamba kidole, nikaibandika tena na mate. Nikaja nayo kwako nikiimba.

Ulifurahi, Deo. Hilo ndilo linaniua. Ulinawa mikono kwanza. Ulikata chuma cha nyuma na musumeno ili ipate kuingia. Mupira ukaanza, nikaona wachezaji wana pua, nikasema moyoni labda Mungu amenisitiri. Dakika chache tu. Kioo kikajaa mistari kama kitenge kilichochuja rangi, kisha kikawa cheusi.

Wiki tatu ulitafuta kosa. Ulisugua meno ya karte na kifutio cha wanafunzi. Ulibadilisha batri. Ulizima hata taa za nyumba ili mashini ishibe. Siku moja ukaniuliza kwa upole, bila kuniangalia, "Huyu mutu wa Kalemie, unamwamini?"

Ulinifungulia mulango. Nikaufunga mimi mwenyewe.

"Ni mutu wangu," nikasema. "Karte iko muzima. Mashini yako ndiyo imezeeka. Huwezi kumuoza binti mubichi kwa muzee wa namna hii."

Ukacheka. Ulicheka kweli, ulipenda maneno yangu hata yakikuuma. Kisha ukaifunika mashini na kitambaa, na sikukuona ukikaa mbele yake tena.

Wakati wa mvua homa ikakuchukua. Siku sita hospitali, kwisha. Na mimi, kwenye kilio, mbele ya walimu wenzako, nilifanya kazi yangu ya kuchekesha watu. Nilisema Deo alijua kila mududu wa Maniema kwa jina lake, lakini mashini moja ilimushinda. Wakacheka huku wanapangusa machozi. Nikaona nimesema vizuri.

Kisha shemeji akanitumia habari Lusangi: kuna mutu anataka kununua mashini avunje, atoe vyuma vyake. Amekubali, anataka kitu hicho kitoke nyumbani. Nilipanda pikipiki nikaja, nikamwomba angoje, nikaifungua, nikapiga picha ndani yake kwa simu, nikateremuka Kalemie. Mara hii niliingia kwa dada mumoja anayetengeneza ordinateri. Akaweka karte zake mezani, na mukono wangu, kwa ujinga wake, ukaanza tena kuzipima.

"Papa," akasema, "hii si nyama."

Aliangalia picha, akasema alimantasiyo yako haina waya wa kulisha karte kubwa. Hata ile ya kwanza ingekuwa ya kweli, ingekufa njaa. Akanipa moja ndogo, nyepesi kama biskuti, inayokula katika tundu inamokaa, haiombi waya mwingine. Programu zake akaniwekea kwenye flashi.

Jana, jua la saa saba, niliiweka. Deo, majani. Yako moja moja. Na mbele ya goli yamekanyagwa, udongo unaonekana, kama uwanja wenu wa shule. Niliacha mupira umesimama. Sikugusa kitu.

Shemeji akafika mulangoni. Aliangalia kioo muda murefu. "Kumbe iko muzima?"

Hapo ndipo, ndugu yangu. Kinywa changu unakijua. Kilikwisha kufunguka kusema, unaona mikono ya Shabani! Amefufua mashini ya marehemu, muji muzima utasikia. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi, na wewe huwezi kunishitaki. Lakini nilipomuangalia, alikuwa ameshika kile kitambaa ulichoifunikia, anakikunja vizuri, kona kwa kona, kama nguo ya mutu.

Nikasema, "Iko muzima toka zamani, shemeji. Nilimuletea karte ya uongo. Nilijua."

Hakupiga kelele. Alikaa chini pale kizingitini. Akaniambia kitu ambacho wewe hukuniambia, ewe mutu wa siri: kwamba siku zile mulipigana maneno juu ya mashini, kwamba alikwambia umeingiza maiti nyumbani na unailisha kuliko watoto, kwamba mwezi muzima hamukula sahani moja. "Nilimukasirikia bure," akasema. "Na ameenda akijua nimemukasirikia."

Nilikaa chini mbele yake.

Nikaomba musamaha. Akasema yeye ana wake wa kuuomba, na wangu hawezi kuutoa kwa niaba ya mutu. "Yeye ndiye uliyemudanganya. Mwandikie. Kisha unisomee, nisikie kama umeruka kitu. Mambo ya mashini tutaongea nyuma ya hapo."

Basi hii hapa, Deo. Nilikuondolea furaha yako ndogo ya muchana, na amani ya sahani moja na muke wako, juu kusema "wamenidanganya" kulinishinda. Nimevuka ziwa mpaka Kigoma, sikuweza kuvuka neno moja.

Ahadi yangu ni hii. Jumapili, misa ikitoka, walimu wenzako watasimama nje ya kanisa kama kawaida yao. Nitakwenda kwao, mimi na kofia yangu ya Kiislamu. Niliwachekesha juu yako. Nitawachekesha tena, na mara hii juu yangu. Nitawaambia habari ya mutu aliyenunua karte kwa uzito, na nisiruke ya mate. Nitawaambia mashini haikukushinda hata siku moja. Kilichokushinda ni kumushuku rafiki.

Mungu akuweke pazuri, wako na wangu, ninavyoona ni mumoja tu. Pumzika, mwalimu. Kwaheri, ndugu yangu.

Shemeji ameweka karanga chini. Anajipangusa mikono.

"Soma," amesema.

Naanza.