Shayiri Iliyompanda Bwana Shamba Mkononi

Mpwapwa, mwezi wa nane, 1909

Kwa mdogo wangu Bartolomayo, mwalimu huko Tanga,

Mbukwa, kama hujaisahau salamu ya kwetu. Shikamoo yako sijaiona tangu mvua zilipokatika, lakini najua ungeniamkia kama ungekuwa na adabu, basi marahaba. U mzima? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila goti langu la kushoto linanisumbua, na yule ng'ombe mweupe amezaa ndama jike. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ulisema bibi mwenye mvi hafundishiki kusoma. Haya, soma sasa. Ukikuta herufi imelala, isimamishe, si ndiyo kazi yako?

Nataka nikueleze habari ya mjukuu wangu Kefa, maana najua wapagazi wamekwisha kukuambia kwamba amefungwa mnyororo kwa wizi. Wapagazi ni waongo, nawe ni mjinga ukiwasikiliza. Nisikilize mimi.

Yule Mdachi tunayemwita Bwana Shamba alileta magunia ya shayiri kutoka kwao, chakula cha nyumbu wake. Ikapandwa bondeni penye maji, na Kefa akawa mnyapara wetu sisi wanawake tuliopalilia. Ilipotoa masuke tukaona si aina moja. Moja ina suke nene na ndevu chache zilizonyooka. Nyingine ina suke jembamba, na ndevu tele kama mkia wa mbweha. Sasa wewe ni Mgogo, hata kama Tanga imekusahaulisha: uwele wenye ndevu nyingi ndio tunaoupenda, kwa sababu ndege hawauwezi. Mmoja wetu akasema hii yenye ndevu tele ndiyo mbegu bora, ile nyingine ni gugu, ing'olewe. Tukang'oa. Tulipofika katikati ya shamba Kefa akatuzuia, akasema ana shaka. Yule mwanamke akamfokea mbele ya wote, akamwambia mtoto aliyezaliwa juzi asimfundishe mtu shamba. Lakini jembe likawa limesimama, na nusu ya shamba ikasalimika.

Siku ya kuvuna, ile nusu tuliyoipalilia haikuwa na kitu. Mabua matupu. Bwana Shamba akasema tumeiba. Akaona na yale tuliyoyang'oa, yamekauka pembeni, akauliza ni nani aliyetoa amri. Kefa akasema ni yeye. Wakamfunga mnyororo shingoni, ikatangazwa kwamba Jumatatu atapigwa viboko ishirini na tano, kisha apelekwe relini kubeba mataruma, vyuma vizito vya kulazia reli. Unamjua kifua chake. Relini asingemaliza mwezi.

Ilikuwa Alhamisi. Siku tatu sikupika. Nilikaa katika shamba lile nikizichunguza nyasi zile kwa macho na vidole, hata watu wakasema Yudith amerukwa na akili. Jumatatu asubuhi nikajitwika ungo wangu na masuke ya aina zote mbili ndani yake, nikaenda bomani.

Halfani mkalimani akaniambia nirudi nyumbani, bibi hana shauri hapa. Nikamwambia mama yake nilimpokea mimi siku alipozaliwa, basi atafsiri na anyamaze. Akatafsiri.

Nikamwonyesha Mdachi suke la kwao la kweli, nikalikung'uta: halikudondosha hata punje. Nikakung'uta lile jembamba: likavunjika vipande vipande pale pale mezani pake. Nikamwambia hilo halingoji mvunaji, likiiva linajimwaga lenyewe, aende akawaulize sisimizi walichobeba. Nikamhesabia pingili: kila moja ina punje tatu zimekaa pamoja, ya katikati imejaa, mbili za ubavuni ni makapi, na zote tatu zina ndevu. Ndiyo maana ndevu ni tele na chakula hakuna.

Akacheka, akasema labda ni nyasi za Ugogo. Mimi nyasi za kwetu sizijui? Nikamwomba gunia ambalo halijafunguliwa. Likaletwa. Nikachambua kwenye ungo, nikazitoa zilizo nyembamba, zaidi ya konzi mbili, nikamwambia atazame kwenye kitako. Punje ya kweli imechanika pale ilipotolewa kwa nguvu. Hii ya mwituni ni laini, kama kovu lililopona, kwa kuwa iliachia yenyewe. Imetoka kwao, ndani ya gunia lake.

Akaishika punje, akaigeuzageuza. Mimi nilikuwa nimekwisha kulichomeka suke moja bichi, lililochelewa kuiva, katika mkono wa koti lake, huku anainama. Ndevu zile zina meno yanayotazama upande mmoja. Kila alipousogeza mkono, suke lilipanda. Lilipofika kwenye kiwiko akaruka kama aliyeumwa na nge! Askari walicheka mpaka bunduki zikagongana. Nikamwambia hivyo ndivyo lilivyoingia gunia lako, bwana, bila kukuomba ruhusa. Akacheka na yeye. Mnyororo ukafunguliwa, na mwakani hakuna mbegu itakayopandwa kabla haijapita katika ungo wangu.

Sasa, Bartolomayo, jambo moja sikulisema bomani. Yule mwanamke aliyesema ndevu tele ziachwe, aliyemfokea Kefa, ni mimi. Kefa alijua. Alikaa siku nne na chuma shingoni na jina langu halikumtoka mdomoni. Nami nilitembea kutoka bomani watu wakinipigia vigelegele, na kila kigelegele kilinichoma.

Kwa hiyo juzi niliwaita bondeni wanawake wale wale, wote, nikamwita na Kefa, nikasema: uliona sawa, mimi nilikosea. Tangu nizaliwe sijawahi kumwambia mtu hivyo, hata marehemu mume wangu. Yeye akanipokea ungo kichwani, akasema, "Bibi, goti lako, twende nyumbani."

Usicheke. Nisalimie watoto mmoja mmoja, na mkeo, mwambie anenepe. Ndani ya barua nimekutilia suke moja la mwituni. Chunga mkono wa kanzu yako.

Mimi dada yako mkubwa, aliyeandika mwenyewe,

Yudith