Miwa ya Ijumaa

Jumapili, Awendo. Jua limewaka tangu asubuhi, nanuka moshi mpaka kwenye nywele, na nina furaha ya kupiga kelele.

Sukari nguru ya baba imeganda!

Baba huchemsha maji ya miwa nyuma ya nyumba mpaka yagande yawe sukari nguru. Mara tatu mfululizo yalikataa, yakabaki uji mweusi wa kunata. Wateja wakacheka. Baba akalaumu kuni, akalaumu karai, hata jirani akalaumiwa, maskini. Kesho mtu wa Ntimaru alikuwa anakuja kununua mashine ya kukamulia.

Sasa, sisi ni Wasabato. Zamani baba alikuwa akikata na kukamua siku hiyo hiyo. Mwaka huu mgongo ukamsumbua, akaanza kukata Ijumaa, vipande vifupi vya kuenea kwenye toroli. Sabato tunapumzika, miwa iko juani. Jumapili ndiyo anakamua.

Kumbe miwa haikuwa inapumzika.

Ikishakatwa, sukari yake huanza kuvunjika, inageuka ile isiyoganda. Joto huharakisha, kama maziwa yanavyowahi kuchacha siku ya jua. Na kila ulipopitisha panga umefungulia vijidudu mlango, kwa hivyo vipande vifupi huharibika mbio zaidi. Nilimweleza baba hivyo juzi. Akanijibu, "Nyathina, mwanangu, nimechemsha hii kitu kabla hujazaliwa."

Mama ndiye aliyeniokoa. "Si ujaribu tu, mzee? Mashine si inaenda hata hivyo?"

Basi leo tukaamka alfajiri, sote watatu. Tukakata miwa mirefu, tukaifunika majani, tukakamua hapo hapo. Mchana baba akagonga sukari na kijiko. Ko! Ko! Alicheka mpaka akakaa chini. Baba yangu, jamani! Kisha akampigia yule wa Ntimaru.

"Mashine haiuzwi, ndugu yangu. Msichana wangu amesomea haya mambo."

Woi. Hapo nikaangalia chini.

Kasi ya mmenyuko wa kemikali ndiyo mtihani niliofeli muhula uliopita, chuoni Rongo. Nilikariri kila kitu na sikuelewa chochote. Baba hajui. Jumatano naurudia.

Nimefunga kipande cha sukari kwenye karatasi, naenda nacho. Safari hii sikariri. Wakiniuliza joto hufanya nini, nitawaandikia miwa ya baba, halafu nikirudi nyumbani nitamwambia ukweli wote.