Kamera Isiyokuwepo ya Topolin

Mpendwa mshauri Bi. Leokadia, naomba msaada wako, na najua watu wanakuandikia habari za waume waliotoroka na mawifi wasiopikika chungu kimoja, mimi nakuandikia habari za vishikilia simu vya garini, ukitaka kucheka cheka, lakini isome barua hii mpaka mwisho kwa sababu mtu mwingine wa kumuuliza sina. Nataka kununua kifaa cha kumwonya dereva kuhusu kamera za barabarani za kunasa mwendo kasi, kitakuwa cha nne, na ninataka kishikilia kisichoanguka, maana hiki changu cha mpira wa kunyonya kioo kinaachia kila baridi ikizidi, cha sumaku kinaizungusha simu kila gurudumu likiingia shimoni, na cha kubana kwenye matundu ya hewa kinaipuliza simu joto mpaka inazimika yenyewe, na mimi siwezi kukubali hata kimoja kizimike, na sababu yake ndiyo hiyo nitakayokueleza.

Jina langu ni Zygmunt, nina miaka sitini na tisa, nimeendesha gari la kusambaza maziwa na jibini miaka ishirini na sita na sikupigwa faini hata siku moja, na hilo nilikuwa najisifia kwenye kila harusi. Kifaa kikilia naachia mafuta, kamera ikishapita nakanyaga tena, sikuona ubaya wowote, kila mtu hapa anafanya hivyo, hata padri wetu. Sasa kijiji chetu cha Topolin kimekatwa katikati na barabara kuu, nyumba yangu iko upande huu na duka liko upande wa pili, na mwaka jana, Alhamisi Kuu asubuhi, mke wangu alikuwa anataka kukanda keki ya Pasaka akakuta hamira imekwisha, akatoka uani akaniambia, "Zygmunt, hebu nivukie uniletee hamira." Mimi nilikuwa nabandika kishikilia kipya kwenye kioo cha mbele, kile cha gundi, na kwenye boksi wameandika ukikandamize dakika nzima bila kuachia. Nikamwambia, "Nenda mwenyewe, nikiachia sasa kitabanduka." Akacheka, akasema, "Haya, shikilia hicho kidude chako," akaenda. Niliusikia mlio wa breki nikiwa bado nimekandamiza, na nitakwambia jambo ambalo sijamwambia binti yangu wala padri kwenye kitubio, sikuachia hapo hapo, Bi. Leokadia, nilimalizia kuhesabu mpaka sitini.

Yule kijana aliyemgonga hakuwa mlevi. Aliwaambia polisi kwamba alipunguza mwendo kwenye kamera ya kijiji kinachotangulia, kisha kifaa chake kikamwambia njia ni nyeupe kilomita kumi na moja, akakanyaga. Kifaa chenyewe ni cha aina ile ile niliyokuwa nayo mimi.

Tulikusanya sahihi mia moja na kumi na mbili tukaomba tuwekewe kamera, wakatujibu kwa barua yenye muhuri mzuri kwamba ajali za Topolin hazijafika idadi inayotakiwa. Mke wangu mmoja hatoshi. Basi nikasema kama hawanipi kamera nitaiweka mwenyewe, na ndivyo nilivyofanya, kwa sababu kwenye vifaa hivi dereva yeyote anaweza kubonyeza kwamba hapa pana kamera na wote wanaokuja nyuma wanaonywa, ila kifaa kinamuuliza kila anayepita, "Bado ipo?" na wakibonyeza "Haipo" wengi inafutika, na ili isifutike inabidi mtu abonyeze tena, na kifaa hakipokei habari kutoka gari lililosimama. Kwa hiyo ninaendesha. Kutoka getini kwangu mpaka kanisani na kurudi, mara kumi na nne kwa siku, simu tatu kwenye kioo, kila moja na kifaa chake, majina matatu ya uongo, natazama ipi imeuliza nabonyeza "Ipo," natazama nyingine nabonyeza "Ipo."

Na ilifanya kazi! Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi la duka nikaona taa za breki zinawaka moja baada ya nyingine, malori, mabasi, wale wenye magari ya kifahari kutoka mjini, wote wanajikongoja kwa hamsini kama wanaenda kumpokea askofu, nikalia kwa furaha, mara ya kwanza tangu mazishi, na Bi. Kazimiera mwenye duka akaniletea kachumbari ya matango akidhani naumwa.

Imefika miezi minane. Jumanne iliyopita nikiwa barabarani niliwasikia kwenye redio ya madereva, mmoja akauliza, "Wenzangu, Topolin vipi? Naonyeshwa kamera, na dubu nao wapo?" Dubu ni polisi, wanavyowaita. Mwingine akamjibu, "Kamera gani, kaka? Hapo pana babu mmoja kachanganyikiwa, anazungukazunguka na gari lake bovu anabonyeza. Tumeshamjua sote. Hapo ndipo pa kufidia muda, dubu wenyewe hawaji. We kanyaga tu!" Wakacheka. Yule wa kwanza akasema, "Mzee wa kamera ya hewa! Nikimwona nitampigia honi." Na kweli tangu siku hiyo wanapiga honi, wanapita kwa mwendo ambao hata zamani haukuwepo, glasi zinagongana kabatini mwangu.

Alhamisi Bi. Kazimiera alitoka dukani amebeba kreti la chupa, lori likaja, akajitupa mtaroni, mkono umevunjika mahali pawili. Mimi nilikuwa nimepita hapo muda huo huo na sikumwona, simu ya katikati inaziba upande ule kidogo. Nilikwenda kumtazama hospitali, akanishika kwa mkono mzima akaniambia, "Jirani, Mungu akubariki na ile kamera yako uliyotupigania. Bila ile kamera, lori lingenimaliza." Anaamini ipo! Nilimwachia machungwa nikatoka sijui hata mlango ulikuwa wapi.

Sasa wanasema mjini kuna kifaa cha bei ya juu ambacho neno la dereva anayeaminika halifutiki upesi, na muuzaji ana vishikilia vya chuma vya kufunga kwa skrubu. Nichague kipi? Au niache yote? Nikiacha, atakayegongwa amegongwa na uongo wangu, nikiendelea pia. Binti yangu Iwona anapiga simu kila Jumapili kutoka Gdańsk, ananiuliza, "Baba, umekula?" namwambia nimekula. Wakati mwingine nawaza nikasimame mwenyewe katikati ya ile barabara na fimbo yangu, wanione, na wasiponiona basi. Nimechoka, Bi. Leokadia. Nisaidie kuchagua.

Zygmunt, Topolin


JIBU

Bwana Zygmunt,

Sikucheka. Lakini pole nitakupa kidogo tu kwa sasa, maana una kazi ya kufanya kabla gazeti hili halijafungiwa samaki.

Kwanza lile la mwisho, ambalo umelipenyeza kama mtu anayeagiza chumvi. Husimami barabarani na fimbo. Ukishamaliza kusoma mstari huu, usingoje Jumapili, mpigie Iwona umwambie maneno yale yale uliyoniandikia mimi, bila kuyapunguza. Umwambie na habari ya kuhesabu mpaka sitini. Kisha uende zahanati wiki hii, umwambie daktari kwamba umechoka kuishi, sio kwamba goti linauma. Na wazo lile likikurudia kabla hujafika huko, piga namba ya dharura au gonga mlango wa jirani, usikae nalo peke yako. Kuhusu hiyo dakika: breki ulizisikia zimekwisha kulia. Hata ungekuwa na mbawa usingemkuta. Mkono ulikataa kuachia kwa sababu kichwa kilikuwa kimeshajua.

Sasa nikugombeze. Simu tatu kwenye kioo! Unapita mara kumi na nne kwa siku mahali pale pale alipofia mkeo, macho kwenye vidude, na unaniandikia kwa mkono wako kwamba Bi. Kazimiera alikuwa ukingoni mwa barabara na hukumwona kwa sababu simu "inaziba kidogo." Kidogo? Ni mwanamke mzima na kreti lake la chupa! Unatafuta nani atakayeua mtu Topolin safari ijayo, unawatazama wenye malori. Mimi nikiisoma barua yako namwona dereva mmoja tu anayeendesha hapo kutwa bila kutazama mbele, naye ana miaka sitini na tisa na hajapigwa faini.

Umeniuliza uchague kishikilia kipi. Hakuna. Vibandue vyote leo, cha gundi ukikwangue kwa kisu. Siku utakapohitaji simu ikuonyeshe njia, iwe moja, chini kwenye kona ya dashibodi, uipange kabla hujawasha gari na usiiguse tena. Na kifaa cha bei ya juu mwachie muuzaji wake. Njia ya mwongo ni fupi, nawe yako imeshafika mwisho: wamekujua, na sasa uongo wako unawaambia hapo hapana dubu.

Nenda kwa Bi. Kazimiera umwambie kamera haipo. Atakutukana, na ana haki. Akimaliza, mwombe akae nawe kwenye benchi la duka, mkono wake kwenye bandeji, karatasi kwenye mapaja yako, mhesabu magari yanayozidi mwendo wa hamsini, siku saba, saa kwa saa. Wamekunyima kamera kwa idadi ya waliokufa. Acha kuomba kamera. Ombeni kivuko cha waenda kwa miguu chenye taa na kisiwa cha kusimama katikati ya barabara, muwapelekee hesabu ya walio hai wanaovuka hapo kwenda kununua mkate, na nakala mniletee mimi. Tutaichapisha gazetini, na jina la atakayeikataa tutalichapisha pia.

Kuna jambo jingine. Barua nzima umenieleza habari za mpira wa kunyonya, sumaku, skrubu na gundi. Mkeo hukumtaja jina hata mara moja. Nimeshuka kwenye ghala la magazeti yetu nikatafuta toleo la Pasaka ya mwaka jana, ukurasa wa sita, mistari minne. Danuta. Andika jina hilo juu ya karatasi ya kwanza ya hesabu yenu, kwa herufi kubwa.

Ningeweza kuishia hapo, ila barua yako haijaniacha nilale. Mama yangu anaishi kilomita ishirini mbele ya Topolin. Nami nina kifaa, Bwana Zygmunt, nilipewa zawadi siku ya mtakatifu somo wangu. Mwezi wa kumi na moja, nikienda kuwasha mishumaa makaburini kwetu, kilinilialia hapo kwenu, nikapunguza. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, sikuona kamera. Kikaniuliza, "Bado ipo?" Nami ninayewafundisha watu kusema kweli nikabonyeza "Haipo," nikafurahi kwamba nimewasaidia wenzangu, nikakanyaga mafuta. Duka sikuliona. Benchi sikuliona. Labda ulikuwa umekaa.

Jumamosi nakwenda tena kwa mama. Kifaa kiko kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko. Gari langu ni jekundu, bovu kama lako, nami nitapita kwa hamsini hata wakinipigia honi mpaka kanisani. Ukiniona usibonyeze kitu. Nipungie mkono, nitasimama.

Leokadia