Majani Niliyomchemshia Phanice

Ndalu, Jumapili baada ya kanisa

Kwako shemeji Wabwile, Sirisia,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Je, kifua kimekuachilia? Mvua imefika huko? Mimi niko tu. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na shule niliachia darasa la tatu, kwa sababu kwa simu ungenikatia katikati.

Shemeji, unajua Ndalu nzima hakuna mtu anapanda mboga chungu, saga na managu, kunishinda. Mwaka jana dada wa lishe alitufundisha sokoni ati mboga hizo ziko na kitu inazuia mwili kuchakaa kama chuma yenye kutu, na inatuliza ule uvimbe wa ndani unaoleta sukari na magonjwa ya moyo. Wengine walisinzia, mimi nilishika yote. Nikachemsha majani, nikanywa mwezi mzima, goti langu lililokuwa limevimba likashuka. Hata jirani Kemboi alikuja kuomba kikombe.

Sukari ilipomshika dada yako Phanice, binti yetu Viola, ambaye ni nesi Kitale, alimletea tembe za asubuhi na jioni. Nikamwambia Viola ati yeye ni mtoto, hawezi kunifundisha mambo ya mwili, mama yake atakunywa majani yangu. Alilia, akarudi kazini.

Siku ya mazishi ulisimama ukasema ni tembe za Viola zilimmaliza mama yake, asikanyage kwako tena. Watu wakaitikia. Mimi, mwenye boma, niliitikia pamoja nao.

Sasa nasema. Phanice hakumeza tembe hata moja kwa wiki tano. Nilizificha ndani ya debe la mahindi. Yule dada wa lishe alisema pia ati mboga ni chakula, dawa ya daktari isiachwe. Hiyo niliisikia vizuri, nikaiacha huko huko sokoni. Wiki ya mwisho Phanice aliniomba, ati Baba Viola, nipe moja tu, leo nimeshindwa. Nikamwambia asiniaibishe, Kemboi atasikia. Nikamjazia kikombe. Alikunywa chote ili nisikasirike.

Viola anafikiri alikosea kupima dawa. Ameacha kazi. Mara mbili nimefunga safari kwenda kumwambia, nikarudia njiani.

Jumamosi nakuja kwako kusema mbele ya wazee. Lakini mwite Viola kwanza, aingie nyumbani kwako, apewe kiti. Mimi hata ukinifungia mlango, nitakaa hapo nje.

Wasalimie wote wa boma, hata wale hawataki salamu yangu.

Ni mimi shemeji yako,
Khaemba