Madafu Usitume Tena, Mama

Port Reitz, Mombasa
Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua utaitikia marahaba kwa sauti hata kama uko peke yako jikoni, ndivyo ulivyo. Goti linaendeleaje na mvua hizi? Na Baba, bado anaisahau miwani yake juu ya kabati na kuwalaumu kuku? Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mkweo Athumani yuko kazini, anaendesha foklifti kwenye yadi ya makontena, na mimi niko nyumbani na tumbo langu la miezi minane. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako huiweka sauti ya juu, na kabla sijamaliza salamu Kipini nzima imekwisha kujua nimekula nini. Barua hii isome peke yako, Mama. Ukimaliza, keti kidogo kabla hujamwita mtu.

Mwezi wa sita wa mimba, kliniki walinipima wakaniambia nina kisukari cha mimba. Nawe nilikwambia damu imepungua kidogo, ili usije mbio na basi la alfajiri. Nisamehe kwa hilo. Walinipa kimashine cha kujipima kwa tone la damu ya kidole, na daftari la kuandika namba, kabla ya kula na saa mbili baada ya kula. Hivi ninavyoandika nimekula chapati moja na maharagwe, nasubiri saa mbili zitimie, na kusubiri huko ndiko kunakonimaliza. Ua nimeufagia mara mbili. Vyombo nimevipanga, nimevipangua, nimevipanga tena. Unanijua, mimi si mtu wa kukaa.

Masharti niliyafuata yote. Chai bila sukari. Wali wa kupima kwa kikombe. Mahamri niliyaacha kabisa, mimi, mtoto wa muuza mahamri. Lakini namba zilikataa kushuka. Kila nikienda kliniki, muuguzi wetu, Sista Kadzo, mama wa Kaloleni mwenye maneno machache, hulitazama daftari kisha hunitazama mimi. Hakusema naongopa, lakini nilijua anawaza hivyo, na iliniuma. Athumani naye akaanza kupekua kabati. Siku moja akanusa kikombe changu cha chai, tukanuniana siku mbili.

Wiki iliyopita walinipiga picha ya tumbo. Moyo wa mtoto uko sawa, alhamdulillahi, lakini mwili wake umepita miezi yake, mabega mapana, tumbo kubwa, na maji yanayomzunguka ni mengi mno. Sista Kadzo akaniketisha.

"Mwanangu, chakula tuache. Niambie unakunywa nini."

"Maji tu, Sista."

"Maji ya wapi?"

"Ya mfereji. Na ya madafu anayonitumia Mama."

Akaweka kalamu chini. "Madafu mangapi?"

"Matatu kwa siku. Kukiwa na joto, manne."

"Na hayo mbona hayamo daftarini?"

"Si maji hayo, Sista?"

Alicheka mpaka akajifuta macho, nami nikacheka, kisha nikajikuta nalia mbele ya watu na sikuona haya. Mama, wewe ndiye uliyenifunza kwamba dafu humwosha mtoto tumboni, atoke ngozi safi. Kila Alhamisi napokea gunia lako pale stendi na kila siku nakunywa kwa moyo mmoja. Haikunipitia akilini kwamba dafu lina sukari ya kuhesabiwa. Nani kwetu ahesabuye dafu?

Ndipo Sista akanieleza. Sukari ikizidi katika damu ya mama, huvuka kondo ikamfikia mtoto. Mwili wake mdogo hulazimika kutengeneza dawa yake mwenyewe ya kuikabili, na ile sukari hugeuka mafuta, akanenepa mabegani na tumboni. Sisi tukimwona tunasema ana afya. Nikamuuliza, na akishazaliwa? Akasema, kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakatika, lakini ile dawa mwilini mwa mtoto bado inafanya kazi. Sukari yake huanguka. Asiponyonya mapema hulegea, hutetemeka, na asipowahiwa hufa.

Hapo machozi yangu yalikauka, Mama. Nadhani wewe pia umekwisha kufika nilipofika mimi.

Miaka minne iliyopita nilirudi kwako kuzaa mimba ya kwanza, kama desturi yetu. Mkunga alihangaika sana na mabega ya mtoto. Alipotoka alikuwa mkubwa hata majirani wakaja kumtazama, nawe ukawa unamwinua kila mgeni aone. Ukanikamua dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya manjano, ukayamwaga mchangani kwa kuwa ni machafu, ukampa maji ya moto kwa kijiko tusubiri maziwa meupe. Bibi alikufanyia hivyo, na mamake alimfanyia yeye. Shangazi akaingia, dada yake Baba, akamtazama akasema, "Mbona hamumpi titi? Mtoto mkubwa hivi ana njaa." Hakutanguliza mashallah. Siku ya pili mtoto akaanza kutetemeka, tukasema ni dege la watoto. Mkamfunika kaniki nyeusi, mkafukiza ubani. Alasiri tukamzika, hata jina hajapewa. Na jioni ile Shangazi akaambiwa ana jicho, akaondoka kwetu akiwa hajavaa viatu, na mimi nililala pale kitandani nikasikia kila neno wala sikumtetea.

Sista hakumwona mtoto yule, na alisema hawezi kuapa kwamba ndicho kilichomuua. Lakini alisema inafanana. Mimi sihitaji aape.

Mama, siku tatu nilikuwa na hasira nawe. Nasema wazi kwa sababu nikiificha utaiona usoni mwangu. Nilikasirikia mikono yako, nikajikasirikia mimi niliyekupa titi langu ulikamue bila kuuliza. Siku ya nne hasira iliisha ikabaki hofu, na hiyo haijaondoka. Asiyejua hana hatia, naamini hivyo, na sitaki ulie kwa ajili ya yule. Nataka tumshughulikie huyu.

Tangu niache madafu namba zimeshuka, isipokuwa siku moja moja. Lakini alivyokwisha kunenepa hawezi kupunguzwa. Daktari anasema hawatamwacha afikie siku zake zote. Ijumaa ya wiki ijayo nitalazwa nianzishiwe uchungu, na mabega yakikataa watanipasua. Mtoto atachomwa kisiginoni apimwe sukari, mara moja na tena na tena, na atawekwa kifuani kwangu saa ile ile, anyonye hayo hayo ya manjano. Mtu asiyamwage. Mtu asimpe maji. Akitetemeka mtu asitafute kaniki, amwite muuguzi. Nitakuwa nimechoka, Mama, pengine nimelala kwa dawa, siwezi kusema yote haya wakati huo. Ndiyo maana nayasema leo. Mambo ya "inshallah atapoa" nayaogopa kuliko kisu.

Saa mbili zimetimia, nimejipima. Namba ni nzuri. Dakika moja nimefurahi, kisha mtoto akanyamaza tumboni nikalala ubavu wa kushoto nikihesabu mateke mpaka akanipiga teke la mbavu. Kila siku ndiyo hivyo. Njoo, Mama, ifikapo Jumatano ya wiki ijayo. Hata ukiwa umenikasirikia, njoo.

Nisalimie Baba, mwambie Athumani anaomba dua yake. Nisalimie mdogo wangu anayefundisha chuoni, na mke wa kaka, na mkunga wetu usimwambie jambo, nitazungumza naye mwenyewe. Shangazi usimpe salamu zangu. Kwake nenda kwa miguu yako, uingie ndani, umwombe radhi kwa niaba yetu sote. Akikubali, mje naye. Nataka asimame kichwani pangu siku hiyo, na mtoto akitoka tu, aseme maneno yale yale ya titi aliyoyasema, na safari hii tumsikilize.

Mwanao,
Mwanaisha